Daktari wa ubongo, tegu wa nguruwe na sisi watu wa Mbozi

Najua wengine mnahesabu siku za UE na wengine mnahesabu siku za boom, lakini leo naomba tuyaweke pembeni. Leo nawaletea historia. Si ya Mkwawa wala ya mkutano wa Berlin, hizo tumekariri mpaka basi. Hii ni historia ya utafiti, na mimi kama mtoto wa Isansa inanihusu moja kwa moja. Kwa wale mnaodhani mkoa wa Songwe ni foleni ya malori pale Tunduma tu, Isansa ni kata ya wilaya ya Mbozi, huko kwenye kahawa.

Tuanzie mbali kidogo. Daktari wa mishipa ya fahamu akiwa Ulaya hukutana sana na ugonjwa unaoitwa maltipo sklerosisi, ambao Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza mwaka 1868. Mishipa yetu ya fahamu ina ala inayoizunguka, kama plastiki inavyofunika waya wa umeme. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili, yaani wale askari wetu wa ndani, inaigeukia hiyo ala na kuitafuna. Waya ukibaki uchi umeme unakatikakatika: macho yanaona ukungu, miguu inakufa ganzi. Kwetu ugonjwa huu ni nadra sana kusikika. Lakini swali lake lilinikaa kichwani: inakuwaje mlinzi wa nyumba ndiye anaivunja nyumba?

Kumbe swali hilo lina sura yake ya Kitanzania, na inaanzia Mahenge.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari kijana mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alifanya kazi kule Mahenge. Akakuta kifafa kingi mno kwa Wapogoro. Wagonjwa walikuwa wametengwa, wengine wana makovu mabaya ya moto, kwa sababu mtu akianguka jikoni watu waliogopa kumgusa. Iliaminika kwamba mate ya mwenye kifafa yanaambukiza. Mama yule akafungua kliniki, akaanza kutoa dawa, na mwaka 1965 akachapisha makala kuhusu kifafa cha Mahenge. Aliona pia watoto wenye tabia ya ajabu: kichwa kinainama mara kwa mara kama mtu anayesinzia.

Miaka zaidi ya 40 baadaye akaja mwingine. Huyu ni Andrea Winkler, daktari wa mishipa ya fahamu kutoka Ujerumani, ambaye amefanya kazi katika vyuo vikuu vya Munich na Oslo. Angeweza kubaki kwao akitibu maltipo sklerosisi. Badala yake alianza kuchunguza kifafa katika hospitali ya Haydom, Mbulu. Mwaka 2008 yeye na wenzake, akiwemo Profesa William Matuja wa Muhimbili, walichapisha maelezo ya wagonjwa 62 wa ule ugonjwa wa kuinamisha kichwa Mahenge. Baadaye, mwaka 2017, watafiti wa Marekani walieleza kwamba huenda ugonjwa ule unatokana na kinga ya mwili kuchanganya mambo: inatengeneza silaha dhidi ya minyoo ya usubi, na silaha hizo zinapiga pia protini iliyomo kwenye ubongo wa mtoto mwenyewe. Wanasayansi bado wanabishana juu ya hilo, lakini mnaona swali la mlinzi limerudi.

Sasa njooni nyumbani. Mwaka 2009 pale Haydom timu ya Winkler ilichapisha matokeo ya vipimo vya CT vya vichwa vya watu zaidi ya 200 wenye kifafa. Zaidi ya mmoja kati ya kumi alikuwa na dalili za vifuko vya tegu wa nguruwe ndani ya ubongo. Mwaka huohuo watafiti walipima watu 830 katika vijiji 13 vya Mbozi yetu. Damu za watu 139, yaani asilimia 16.7, zilionyesha dalili za vifuko hai mwilini. Baadhi yao wakapelekwa kwenye CT: kati ya 55 waliopimwa, 30 walionekana na alama kichwani. Uchunguzi mwingine ukakuta karibu theluthi moja ya nguruwe wa Mbozi waliopimwa damu wana maambukizi. Ndiyo maana baadaye hospitali za Vwawa na Tunduma ziliingia kwenye mradi wa utafiti huu, Winkler akiwa na wenzake wa NIMR. Wasomi wa SUA kama Helena Ngowi nao wamekuwa kwenye kazi hii ya tegu kwa miaka mingi.

Wapenzi wa kitimoto msinune, subirini kwanza. Ukila nyama yenye vile vilengelenge vyeupe kama punje za mchele, na haijaiva, unapata tegu tumboni. Tegu huyo hakupi kifafa. Hatari ni mayai yake, ambayo yanatoka na kinyesi cha mtu. Yakifika kwenye mikono, maji au mboga na wewe ukayameza, ndipo yanapoanguliwa, yanaingia kwenye damu na kupanda mpaka kichwani. Kwa hiyo hata asiyegusa nguruwe maisha yake yote anaweza kuupata. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu Wayahudi wa New York wanaofuata dini barabara, nguruwe kwao ni mwiko, na bado waliugua. Maambukizi yalihusishwa na wasaidizi wa kazi za nyumbani waliokuwa na tegu tumboni.

Sasa sehemu iliyonishangaza kuliko zote. Kifuko kikiwa hai ndani ya ubongo mara nyingi hakileti fujo. Kinawalaghai askari wa kinga wasikione, na mtu anaweza kukaa nacho miaka bila kujua. Fujo huanza kinapokufa. Ulaghai unakwisha, askari wanashtuka, wanavamia, ubongo unavimba pale pale na degedege linaanza. Ndiyo maana daktari hawezi kukupa dawa ya kuua tegu wa kichwani hivihivi tu. Lazima kwanza ajue viko vingapi na viko wapi, na mara nyingi akupe pia dawa ya kuituliza kinga, la sivyo anaweza kuanzisha vita ambavyo kichwa hakivimudu. Na CT, si mnajua wenyewe, haipo kila zahanati.

Nilipokuwa darasa la nne kulikuwa na binti tuliyekaa dawati moja. Alianguka mara mbili darasani, na sisi wote tukakimbilia nje, hakuna aliyemshika. Baada ya hapo hakurudi. Nyumbani kwao walisema amelogwa, mtaani wakasema mate yake yana hatari. Sijui kama ugonjwa wake ulitokana na tegu au kitu kingine, kifafa kina sababu nyingi. Ninachojua ni kwamba Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepata tiba sahihi. Yeye alikosa dawa na akakosa shule.

Nikiitazama historia hii tangu Mahenge ya miaka ya 1960, naona wazee hawakukosea kabisa kuhisi kwamba kuna kitu kinaambukiza. Walikosea mahali pa kukitafuta. Waliogopa mate ya mtoto aliyeanguka, wakati cha kuogopa kilikuwa nyuma ya nyumba: choo kisichokuwepo, nguruwe anayezurura, mikono isiyonawa.

Na hapo ndipo sisi wa ualimu tunapoingia. Mwaka 2015 Ngowi, Matuja, Winkler na wenzao walichapisha matokeo ya jaribio la kutoa elimu ya tegu katika shule za Mbulu. Wanafunzi waliofundishwa walikuwa na uelewa zaidi kuliko wenzao. Hiyo haihitaji CT wala daktari kutoka Munich. Inahitaji mwalimu, ubao na chaki.

BTP inakuja wadau, na wengine mtapangiwa Mbozi, Ileje, Momba. Fungisheni nguruwe kwa maneno yenu, himizeni vyoo, nyama iive kabisa. Na mtoto akianguka darasani: mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kitu mdomoni, kaa naye mpaka azinduke. Halafu hakikisha kesho yake yupo darasani.

Haya, nawasubiri kwenye maoni. Sasa nakimbilia mhadhara wa saa nane.