Miguu ya ndege wa Nzilo: myembamba, lakini yenye nguvu

Baraji ya Nzilo, kaskazini mwa Kolwezi, ilijengwa juu ya mto Lualaba mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati ikiitwa Delcommune. Ziwa lililozaliwa pale linalisha wavuvi, na linalisha ndege pia. Mvuvi ana wavu. Ndege ana miguu yake.

Goti haliko pale tunapodhani

Angalia kuku kwenye parseli. Watu wengi wanasema goti lake linapinda nyuma. Sivyo. Kile kiungo ni kifundo cha mguu. Goti la kweli limefichwa juu, chini ya manyoya, na linapinda mbele kama la mtu. Hii ni kusema ndege anatembea juu ya vidole.

Misuli mikubwa iko juu, karibu na mwili. Kutoka pale, kano, yaani kamba ngumu za mwilini, zinateremka mpaka kwenye vidole. Kwa ndege wengi kano hizo zina vimeno vidogo: vidole vikishika tawi, vimeno vinajifunga. Inadhaniwa hii inamsaidia ndege kulala juu ya mti usiku kucha bila kuanguka.

Kila mguu na kazi yake

Tai mla samaki, yule mwenye kichwa cheupe na sauti kali, ana nyayo zenye vipele vigumu. Samaki anateleza, lakini pale hatoki. Akiwa mzito sana, tai anamburuta juu ya maji mpaka ukingoni.

Mnandi, ndege mweusi anayezama, ana ngozi inayounganisha vidole vyote vinne. Kwake mguu ni kasia.

Jakana ana vidole virefu kupita kiasi. Uzito wake unagawanyika, basi anatembea juu ya majani ya yungiyungi bila kuzama.

Adui ni uzi mdogo

Mguu huo wa ajabu una udhaifu mmoja: sehemu ya chini karibu haina nyama. Uzi wa nailoni au kipande cha wavu kikiuzunguka na kukaza, damu haipiti tena. Kidole kinakauka, kinakatika. Tai asiyeweza kukamata samaki anakufa na njaa. Na nailoni haiozi kama kamba za zamani. Inabaki ndani ya maji miaka mingi, ikinasa ndege na samaki ambao hakuna mtu atakayewala.

Dawa haiombi makuta: wavu uliopasuka urudi nyumbani pamoja na mvuvi, usitupwe ziwani.

Ndege akikutwa amenaswa, afunikwe kichwa kwa kitambaa ili atulie. Kama ni tai, miguu ishikwe kwanza, maana kucha zake zinaumiza kuliko mdomo. Uzi ukatwe polepole kwa makasi, usivutwe. Kisha aachiliwe karibu na maji.