Kabla Hujamwita Mzee Mchawi, Sikia Habari ya Tumbili

Watu wangu, leo tuwape Wareno na Fort Jesus likizo. Kuna historia nyingine ilifanyika Kenya hii hii, na inatuhusu sisi wa Majengo kuliko tunavyodhani.

Mwaka 1978 Mmarekani mmoja, Robert Sapolsky, wa umri wa wengi wenu, alitua Kenya. Ndo kwanza katoka chuo. Hakuja kuota jua Diani, alikwenda Mara kukaa na nyani. Kazi yake: anapuliza kishale chenye dawa ya usingizi, nyani analala, anamtoa damu, anapima homoni. Akawa anarudi hivo hivo kwa zaidi ya miaka 20.

Alikuwa anatafuta nini? Mwaka 1968, Bruce McEwen wa New York, ambaye baadaye alikuja kuwa mwalimu wake, alionyesha kwamba homoni ya msongo huingia mpaka kwenye ubongo wa panya. Inakwenda kushika sehemu inayoitwa hipokampasi, ile inayotusaidia kuweka kumbukumbu mpya. Kwa binadamu homoni hiyo ni kotisoli. Ukifukuzwa na mbwa usiku, ndiyo inayokusaidia kupata nguvu za kutimua mbio. Kwa dakika kumi ni rafiki. Ikikaa mwilini siku nenda siku rudi, hapo sasa ni balaa.

Huko Mara, Sapolsky aliona nyani wa chini, wale wa kuonewa kila siku, wana homoni hiyo kwa wingi hata wakati hakuna ugomvi wowote. Mwili wao haupumziki.

Halafu ikaja habari ya tumbili. Kati ya 1984 na 1986, kwenye kituo kimoja cha utafiti hapa Kenya, kuna tumbili waliokuwa wakifa wenyewe. Wanane kati yao walipopasuliwa walikutwa na vidonda vya tumbo. Walikuwa na alama nyingi za kuumwa na wenzao, na tezi zinazotoa homoni ya msongo zimekua kupita kiasi. Kwenye hipokampasi, seli zilikuwa zimeharibika. Ripoti ilitoka 1989, imeandikwa na Uno, Tarara, Else, Suleman na Sapolsky. Kwa maneno mengine, kuonewa kuliwafika mpaka kwenye ubongo.

Na binadamu je? Mwaka 1998, Sonia Lupien na wenzake kule Kanada walichapisha matokeo ya wazee waliofuatiliwa kwa miaka. Wale ambao kotisoli yao ilibaki juu, hipokampasi yao ilikuwa ndogo kwa asilimia 14, na walisahau zaidi.

Hipokampasi ni moja ya sehemu ambazo ugonjwa wa Alzheimer huanza kuzila mapema. Sisemi msongo peke yake ndio unaoleta Alzheimer, la. Kuna umri, kuna kurithi, kuna yale mabaka ambayo Alois Alzheimer aliyaona kwenye ubongo wa Auguste Deter mwaka 1906. Lakini ubongo unaougua hauhitaji kuongezewa mzigo.

Sasa vuka Nyali, pita Mtwapa, uko Kilifi. Huko wazee wameuliwa kwa kusingiziwa uchawi, na wengine wamekimbilia Kaya Godoma kujiokoa. Hebu fikiria mzee aliyesahau njia ya kwake, akakutwa usiku uani kwa watu. Nani atamwamini akisema amepotea?

Na sisi Majengo tusijione malaika. Kwetu hakuna panga, kuna maneno. "Bibi kawehuka." "Ana mapepo." "Ni uzee tu, mwacheni." Anafungiwa chumba cha nyuma, anafokewa akiuliza swali mara ya tano, watoto wanamcheka. Manake tunamtia hofu kila siku, mtu ambaye ubongo wake ushachoka. Dhihaka haiishii masikioni, inaingia mpaka kwenye damu.

Sasa sikia mwisho wa nyani. Katikati ya miaka ya 80, madume wakali wa kundi moja la Sapolsky walikuwa wakienda kupigania mabaki kwenye jaa la loji ya watalii. Wakala nyama yenye TB, wakafa. Wakabaki majike na madume wapole, na kundi likatulia. Kufikia 1993 madume wote wa zamani walikuwa wameondoka, wamekuja wageni kutoka makundi mengine. Lakini upole ulibaki! Wageni waliukuta, wakaufuata. Na wale wa chini hawakuwa tena na zile dalili za msongo. Haya yalichapishwa 2004.

Kama nyani wameweza kubadilisha tabia za maskani yao, sisi kinatushinda nini?

Kwa hiyo mzee akianza kusahau, mpelekeni hospitali kwanza. Kuna usahaulifu wenye dawa: tezi ya shingo ikizembea kutoa homoni, au vitamini B12 ikipungua, mtu husahau, na hutibika. Hata kama ni Alzheimer, ambayo mpaka sasa haina tiba ya kuimaliza, swali la mara ya tano lijibu kama la kwanza. Haikugharimu hata shilingi.