Madini Chembe na Kitendawili cha Udogo

Ingia duka la rejareja pale Mkata, kwenye barabara ya Chalinze–Segera, uombe chumvi. Pakiti utakayopewa huenda imeandikwa kwamba ina madini joto, na hakuna mteja anayeuliza joto hilo limetoka wapi. Ni iodini. Tezi ya shingoni huitumia kutengeneza homoni zinazoamua mwili uchome chakula kwa kasi gani na utoe joto kiasi gani, kwa hiyo jina hilo limelenga vizuri kuliko istilahi nyingi za vitabuni. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku. Piga hesabu ya miaka 70: hazitimii gramu 4, hazijazi kijiko cha chai.

Iodini ina ndugu zake: zinki, chuma, shaba, seleni. Kiingereza huwaita kwa neno “trace”, ambalo maana yake moja ni alama za nyayo, nyingine ni kiasi kidogo mno. Wakemia wa zamani waliona dalili za vitu hivi katika sampuli zao lakini vipimo vyao havikuweza kuvikadiria, wakaandika kwamba wameona athari tu. Mashine za tafsiri zikashika maana isiyohusika, zikatuletea “vipengele vya kufuatilia”, kana kwamba zinki ni mshtakiwa aliyeruka dhamana.

Tuyaiteje madini haya basi? “Madini haba” inavutia kwa ufupi wake, ila haba ni kitu kisichotosha, na hapa tunataja kitu kinachotosha kikiwa kidogo. “Madini madogo” inanipeleka moja kwa moja kwa wachimbaji wadogo. Mimi nachagua “madini chembe”, kwa mfano wa madini joto: maneno mawili yaliyoshikana bila kiunganishi. Najua chembe ina kazi nyingi tayari, kuanzia chembe za damu. Naivumilia.

Tofauti ya uchache na upungufu si ugomvi wa wanaisimu. Karibu na Segera, wilayani Handeni, mtafiti wa lishe Jacobien Veenemans na wenzake, akiwemo Hans Verhoef, walifuatilia watoto 612 wa miezi 6 hadi 60, wote wafupi kuliko umri wao. Utafiti wao ulichapishwa mwaka 2011. Mwanzoni, asilimia 67 ya watoto walikuwa na upungufu wa zinki. Si lazima sahani iwe tupu ili hilo litokee: dona na maharage vina zinki, lakini vina pia fitati, inayoikamata zinki tumboni na kuizuia isifyonzwe.

Watoto waligawanywa makundi manne. Wengine walipata zinki pekee, miligramu 10 kila siku. Wengine mchanganyiko wa virutubishi bila zinki. Wengine vyote pamoja. Wengine dozi bandia. Alama za rangi tu ndizo zilizotofautisha makundi, na hata watafiti hawakujua nani anapewa nini. Zinki iliingia damuni na upungufu ukashuka sana. Malaria haikutikisika: vipindi 2.89 kwa mtoto kwa mwaka katika kundi la zinki, 2.87 katika kundi la dozi bandia. Tena, kwa watoto waliokuwa na upungufu wa chuma, mchanganyiko wa virutubishi uliambatana na ongezeko la malaria la asilimia 41. Ndiyo maana siipendi tafsiri yoyote inayofanya madini haya yasikike kama kiungo cha kunyunyiza tu, kikizidi hakidhuru.

Mtanzania Erasto Mbugi naye alichunguza damu ya watoto wa Handeni, kuona jinsi upungufu wa zinki, chuma na magnesi unavyobadili mwitikio wa seli za kinga kwa vimelea vya malaria. Hapo istilahi yangu inabanwa kidogo, maana magnesi si madini chembe: mtu mzima anahitaji mamia ya miligramu kwa siku, na mpaka wa madini chembe unaotumika sana ni miligramu 100.

Tofauti na malaria, kwenye kuharisha zinki ina kazi inayojulikana. Mwaka 2004 WHO na UNICEF walishauri ORS pamoja na zinki, miligramu 20 kwa siku, nusu yake kwa mtoto aliye chini ya miezi sita. Muuguzi wa zahanati hatamki madini chembe wala madini haba. Anamkabidhi mama karatasi ya vidonge na kumwambia zinki hii ni ya siku kumi hadi kumi na nne, asiiache hata kuhara kukikatika kesho.