Herufi Haitoroki, Huvikwa

Kuna orodha ya istilahi za informatike inayopita mkono kwa mkono kati ya walimu wa Kisangani, nakala ya nakala, bila jina la kamati iliyoitunga. Imefika hadi kwetu Kapalata. Mahali panapohusu usalama wa programu za wavuti, orodha hiyo inasema kwamba kile kitendaji saidizi kinachoigeuza alama < kuwa &lt; kabla ya kuionyesha kwenye ukurasa kinafanya kazi ya “kutorosha herufi”, na kwamba herufi iliyokwisha kupita humo ni “herufi iliyotoroka”. Nimeirudia mistari hiyo nikitafuta namna ya kuitetea, maana watu waliotumikia lugha bila malipo wanastahili heshima. Sikuipata.

Kutoroka ni kuondoka bila ruhusa. Mtoro wa zamani alikuwa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Wa leo ni mwanafunzi asiyeonekana darasani, na kwetu sisi tunaoishi jirani na kambi ya jeshi, ni askari aliyeacha safu. Kiswahili chenyewe kilifika kwenye bonde hili pamoja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa, na mwaka 1887 Tippu Tip alifanywa gavana wa Stanley Falls, mahali ambapo leo ni Kisangani. Katika mji wenye historia hiyo neno mtoro lina uzito wake, na halifai kubandikwa popote pale kamusi ya Kifaransa inapoelekeza.

Sasa itazame hiyo alama < baada ya kupita katika kitendaji. Imetoroka kwenda wapi? Iko pale pale ilipokuwa, katikati ya sentensi ya mtu aliyeiandika, na msomaji wa ukurasa ataiona vile vile ilivyo. Kilichobadilika ni kwamba kivinjari hakiichukui tena kama mwanzo wa amri. Herufi iliyokuwa na uwezo wa kuamrisha imezuiwa isiamrishe, ikabaki kuwa maandishi. Kama kuna kitu ambacho kitendaji hiki kimekizuia kisifanyike, ni huo utoro wenyewe: data kuihama nafasi yake na kuingia katika nafasi ya amri. Orodha imempa mlinzi jina la yule anayemlinda asikimbie.

Najua kosa lilikotoka. Waliotunga walikuwa na neno la Kifaransa échapper mbele yao, nao Wafaransa walikuwa wamelitafsiri escape la Kiingereza, na maneno hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja. Mama yao ni Kilatini cha mitaani: ex, yaani nje ya, na cappa, yaani joho. Maana ya kwanza ilikuwa kuchomoka katika joho lako na kumwachia anayekufukuza nguo mkononi. Ni picha nzuri, lakini inaeleza kuvua. Mtu anayevua joho ili akimbie anafanya kinyume kabisa cha kitendaji chetu, ambacho kinaikuta herufi ikiwa uchi na kuivisha kitu ili ikae. Aliyetafsiri kwa kutoroka ameufuata mkia wa neno bila kuuona mwili wake.

Hata Kiingereza hakikuanza hapo kilipo leo. Bob Bemer, mhandisi wa Marekani aliyekuwa IBM, ndiye aliyependekeza mwanzoni mwa miaka ya 1960 iwepo alama ya pekee itakayoiambia mashine: kuanzia hapa, toka katika usomaji wa kawaida, herufi zinazofuata zina maana nyingine. Alama hiyo ndiyo ESC, namba 27 katika jedwali la ASCII, na ndiyo asili ya kitufe cha Échap tunachokiona pembeni mwa kibodi za AZERTY. Huyo huyo Bemer ndiye aliyepigania mkwaju wa kinyume, \, uingizwe katika jedwali. Katika wazo lake anayetoka ni msomaji, yaani mashine. Herufi haiendi popote. Baadaye waandishi wa programu walilichukua neno, wakalihamishia kwa herufi yenyewe, na hakuna aliyewauliza. Waingereza na Wafaransa wamekwisha kulizoea kosa lao. Sisi tunaoanza leo tuna nafasi ya kuanza vizuri, na kuichezea nafasi hiyo kunanihuzunisha.

Jambo hili linatuhusu sisi kwa karibu zaidi kuliko kamati zinavyodhani, kwa sababu ya herufi yetu ng'. Katika lugha ya SQL, ambayo kwayo programu huongea na hazina yake ya data, maandishi hufungiwa kati ya alama ' mbili. Chukua fomu inayomwuliza mkazi wa komini ya Makiso, hapa Kisangani, mahali anapofanya kazi. Yeye anaandika Ng'ambo, kwa kuwa kwa watu wa komini tano za ukingo wa kulia Lubunga ndiko ng'ambo ya mto. Programu iliyoandikwa ovyo inaichukua ile alama ya ng' kuwa mwisho wa maandishi. “Ng” inabaki ndani, “ambo” inatupwa nje, inasomwa kama amri isiyojulikana, na kazi yote inakwama. Mkazi huyu hakuwa na nia mbaya. Ameandika Kiswahili sanifu tu. Mwenye nia mbaya angeandika amri ya kweli baada ya alama ile, akafuta jedwali zima au akasoma siri za wengine. Mwanya huo ulielezwa hadharani katika jarida la Phrack mnamo Desemba 1998 na Jeff Forristal, aliyekuwa akitumia jina la rain.forest.puppy, na mpaka leo unawaumiza watu. Kwa hiyo mwandishi wa programu anayetumia Kiswahili hukutana na jaribio hili kila siku, katika ng'ombe, katika ng'oa, katika ung'avu. Na katika Kongo hii hukutana nalo pia katika majina ya mahali kama N'djili na N'sele, bila kutaja Kifaransa chote cha ofisini chenye l' na d' zake. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Taasisi ya Kimataifa ya Afrika, iliyokuwa London, ilizipendekezea lugha zetu herufi ŋ. Waliosanifisha tahajia ya Kiswahili wakabaki na ng'. Sina ugomvi nao, ila uamuzi wao wa tahajia umekuwa suala la usalama wa data.

Hapo ndipo ninapowashangaa wale wengine, kamati nyingine kabisa, waliokwepa kutoroka na kukimbilia kusafisha. Kusafisha ni neno zuri lenye mahali pake. Ukimruhusu mtu alete makala yenye herufi nzito na viungo, kisha ukaondoa humo hati za programu zilizojificha, hapo umesafisha, kwa kuwa kilichoondolewa kimeondoka kweli na hakitarudi. Lakini kuliita kwa jina hilo tendo la kuigeuza ' kuwa &#039; ni kuwafundisha vijana kwamba alama ile ni uchafu. Nao wametusikia. Wameandika vitendaji vinavyoikwangua kila alama ya ' inayoingia, na ng'oa, kutoa kitu na mizizi yake, inahifadhiwa kama ngoa, ambayo ni wivu. Mtu anapokwa sehemu ya jina lake kwenye daftari la shule, halafu cheti kinakataa kufanana na kadi ya mpiga kura. Haya yametokana na istilahi iliyochaguliwa haraka. Yupo pia mwandishi mmoja hodari, ninayeheshimu kazi zake nyingine, anayetetea kuhasi: herufi ikihasiwa, anasema, inabaki kuwa ile ile ila haina nguvu. Amekaribia ukweli kuliko wote. Lakini kilichohasiwa hakirudishiki, na tendo letu lina kinyume chake kamili, tena kinachotumika kila siku.

Istilahi ninayoitetea ni kuvika.

Hebu tulitazame neno lenyewe, kwani lina mengi. Kiswahili kina jamii ya vitenzi vinavyokwenda viwili viwili, kimoja kikiweka kitu mahali kwa -ika na kingine kikikiondoa kwa -ua: funika na funua, bandika na bandua, angika na angua, twika na tua. Vika na vua wamo katika jamii hiyo, na ni wakongwe, kwa sababu mizizi yao inaonekana katika lugha za Kibantu zilizo mbali sana na pwani. Hatukuazima popote. Tendo la kuigeuza < kuwa &lt; ni kuvika; kuirudisha &lt; iwe < ni kuvua; kile kilichovaliwa, yaani &lt; yenyewe, ni vazi. Jozi hiyo inakuja tayari na sarufi yake, bila kiambishi cha kutungwa. Wenye kutorosha waniambie kinyume chake wanakiitaje. Kurejesha mtoro? Kukamata?

Neno hili linafundisha pia, na hapo ndipo linapozishinda istilahi nyingine zote. Vazi huenda na mahali mtu anapokwenda. Ndani ya HTML alama < huvaa &lt;. Kwenye anwani ya wavuti huvaa %3C. Ndani ya maandishi ya JavaScript huweza kuvaa \u003C. Herufi ni moja, mavazi ni matatu, na aliyevikwa kwa ajili ya HTML hana kinga yoyote akiingizwa katika SQL. Mwanafunzi aliyefundishwa “kusafisha” hudhani kwamba kilicho safi ni safi kila mahali, na data aliyoisafisha mara moja anaituma popote. Aliyefundishwa “kuvika” atauliza kwanza: inakwenda wapi?

Neno linaeleza pia kosa maarufu la lugha ya PHP. Kwa miaka mingi ilikuwa na mtindo ulioitwa magic_quotes, uliozivika mkwaju wa kinyume alama zote za ' mara tu zilipopokelewa, kabla mtu yeyote hajajua zinakoelekea. Matokeo yake ni majina kuhifadhiwa kama Ng\'ambo, kisha kuvikwa tena na kusomeka Ng\\\'ambo. Mtindo huo uliondolewa katika toleo la 5.4 mwaka 2012. Kitendaji htmlspecialchars cha lugha hiyo hiyo nacho, mpaka lilipotoka toleo la 8.1 mwaka 2021, kilikuwa kikiiacha alama ya ' uchi usipokiagiza wazi, na hiyo ndiyo alama ambayo sisi tunaihitaji kuliko wengi.

Kwa matumizi, sina mengi: kwenye SQL tumia maulizo yaliyotayarishwa yenye nafasi tupu, ili data na amri visikutane kabisa; kwenye ukurasa vika wakati wa kutoa, wala si wakati wa kupokea; na mifumo kama Django na React huvika yenyewe, basi usiivue bila sababu unayoweza kuieleza.

Nirudi kwenye hoja za wapinzani. Nimeambiwa kwamba kuvika kunanuka udanganyifu, kwa kuwa Waswahili husema kumvika mtu kilemba cha ukoka. Hoja hii imetolewa na watu wasomi na kwa hiyo lazima ijibiwe. Lawama ya msemo ule iko kwenye ukoka. Kilemba cha nguo hakimdanganyi aliyevikwa, na taji analovikwa mfalme halijawahi kuitwa hila. Kama kila kitenzi kilichoingia katika msemo mbaya kingepigwa marufuku, tusingebaki na kula wala kupiga.

Kilichonichoma zaidi ni jambo jingine. Niliipendekeza istilahi hii katika kikao kimoja cha walimu, kwa maandishi, nikiwa na mifano. Niliahidiwa kwamba itachunguzwa. Toleo lililofuata la orodha lilipokuja, kuvika lilikuwamo, bila maelezo na bila kutaja lilikotoka, lakini lilikuwa limehamishwa, likawekwa kama kisawe cha kupamba, kwenye sehemu ya rangi na ukubwa wa herufi. Kutorosha kulibaki pale pale. Kukataliwa ningekustahimili. Ninachoshindwa kukistahimili ni neno kuchukuliwa na kuwekwa mahali ambapo litamzuia kila atakayekuja baadaye kulitumia ipasavyo, kwa kuwa sasa ataambiwa kwamba neno hilo lina mwenyewe. Naomba, kwa heshima na bila kurudi nyuma, mstari ule wa kupamba ufutwe.

Lipo swali la jina la kitendaji chenyewe. Mimi huandika kivikaji, na fungu zima la vitendaji saidizi vya namna hii naliita vivikaji. Wapo wanaopendelea kivishi, wakilitoa kwenye kuvisha. Naliona ni fupi na zuri, lakini linaikata ile jozi na kuvua ambayo nimeitetea. Vijana wa hapa Kapalata wana jibu la tatu. Wao hawasemi kuvaa. Husema kuvala, na kumvika mtu huita kuvalisha. Sanifu imeipoteza l hiyo katika vaa kama ilivyoipoteza katika zaa na kaa, ingawa inajitokeza tena ukisema kuvaliwa, kuzaliwa, kukalia. Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022, na istilahi ya pamoja lazima isikike vizuri pande zote mbili za Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo katika maandishi naomba tushike kivikaji. Darasani, kijana akisema kivalishaji, sitamsahihisha; ile l ameihifadhi yeye, na maana ameishika.