Fungua Begi!

"Fungua begi!" Nani kati yetu aliyepanda basi la Kahama kwenda Geita hajawahi kuisikia amri hiyo? Langu lilipopekuliwa, askari alikuta daftari la riwaya ninayoandika. Akasoma ukurasa mzima kwa sauti, abiria wakaangua kicheko. "We kijana, dhahabu yako ndiyo hii?" Nikajibu, "Ndiyo, afande." Nilicheka nao, lakini moyoni nilijiona kama niliyevuliwa shati sokoni.

Ndugu msomaji, upekuzi huu una historia yake. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Nyumba na magari vilipekuliwa, ikitafutwa sukari, sabuni, vitenge na fedha. Wapo waliotupa mali porini usiku kwa hofu. Wakati huo Katiba yetu haikuwa bado na sura ya haki za raia. Ziliingizwa mwaka 1984, na Ibara ya 16 ikalinda maisha binafsi ya mtu, familia yake, makazi yake na mawasiliano yake. Kuzidai mahakamani kukaanza 1988.

Katikati hapo, mwaka 1985, ikatungwa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Hiyo inamruhusu polisi kusimamisha gari na kulipekua, lakini awe na sababu ya kushuku. Mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake. Kikichukuliwa kitu, stakabadhi itolewe.

Kisha ikaja dhahabu. Mwaka 1990 Benki Kuu ilianza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo, vijana wakamiminika machimboni. Dhahabu bwana ni kitu kidogo, hata kwenye soksi inaingia. Basi kila soksi ikawa ya kushukiwa.

Wapekuzi nao wanahitaji kuangaliwa. Januari 2019, baada ya dhahabu ya zaidi ya kilo 300 kukamatwa mkoani Mwanza, polisi wanane walifikishwa mahakamani kwa tuhuma zilizohusu magendo hayo. Kwa hiyo sababu inayotajwa na stakabadhi inayoandikwa humlinda abiria, na humlinda pia askari mwaminifu.

Mimi sisemi vizuizi viondolewe. Dhahabu ikitoroshwa, tunaoibiwa ni sisi. Ila afande, kabla hujafungua begi langu, niambie unashuku nini. Na ukikuta daftari, lifunge. Riwaya yenyewe bado haijaisha.