Toleo la Pili kama Ushahidi wa Historia: Kutoka Julius Caezar hadi Juliasi Kaizari

Kazi nyingi za sanaa zinazoheshimiwa leo hazikuzaliwa zikiwa kamili. Mnamo Novemba 1805, Vienna ikiwa mikononi mwa jeshi la Ufaransa, Ludwig van Beethoven alionesha huko opera yake ya pekee. Haikupokelewa vyema. Kwa shinikizo la marafiki, mwaka 1806 aliipunguza kutoka sehemu tatu hadi mbili, kisha akaifumua tena hadi ikawa Fidelio ya mwaka 1814. Kiini chake, yaani kisa cha mke anayemwokoa mumewe gerezani, hakukiacha.

Afrika Mashariki ina mfano wake. Mwaka 1963 Julius Nyerere, akiwa Rais wa Tanganyika, alichapisha tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Julius Caezar. Mwaka 1969 tafsiri hiyo ilitoka upya, ikiwa imesahihishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari. Katikati ya matoleo hayo, mwaka 1967, liliundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Jina la kwanza lilining'inia kati ya lugha mbili. La pili lilitii matamshi ya Kiswahili. Hata hivyo, Nyerere aliendelea kutumia mistari ya kishairi isiyo na vina, ingawa mapokeo ya ushairi wa Kiswahili yalithamini vina na mizani. Kusahihisha, basi, hakukuwa kusalimu amri, bali kutenganisha kosa na uamuzi.

Funzo hili linaihusu Rwanda, ambako Kiswahili ni lugha rasmi tangu 2017. Msomaji wa tafsiri ya waraka wa serikali anaweza kuwa mfanyabiashara wa soko la Mahoko, wilayani Rubavu, si mbali na Goma ambako Kiswahili ni lugha ya kila siku. Huyo ndiye atakayeligundua mapema neno lisiloeleweka. Mpango wa tafsiri ukiishia kwenye toleo la kwanza, maoni yake hayana pa kuingilia, na kosa hugeuka kuwa istilahi.

Kwa hiyo yanapendekezwa mambo matatu: fedha za toleo la pili zitengwe tangu mwanzo, kila sahihisho lielezwe sababu yake, na toleo la kwanza lihifadhiwe maktabani. Bila nakala ya 1963, hatua iliyopigwa kufikia 1969 isingepimika.