Moyo wa Kurithi

Mgonjwa wa kifua aliye chini ya miaka 50 namwomba avue viatu. Napapasa kano ya kisigino; nikikuta nene, yenye vinundu vigumu, nauliza habari za baba yake na za wajomba. Uchunguzi huu una historia: mwaka 1938 Carl Müller, daktari wa Oslo, aliandika juu ya familia 17 zilizorithishana vinundu, lehemu nyingi na maumivu ya moyo.

Sababu ilipatikana Dallas. Michael Brown na Joseph Goldstein walikuza maabarani seli za ngozi. Seli nzima ikidaka lehemu ya kutosha kutoka kwenye damu, huacha kujitengenezea. Za watoto waliorithi kasoro kwa wazazi wote wawili hazikuacha, maana hazikuwa na vipokezi vya kuidakia. Watoto hao huweza kupata mshtuko wa moyo kabla ya miaka 20, na hilo huniuma sana. Tuzo ya Nobel ilifuata mwaka 1985.

Ugunduzi ninaouthamini zaidi ni wa 2006, Dallas hiyohiyo. Jonathan Cohen na Helen Hobbs walionyesha kwamba Wamarekani weusi wenye mabadiliko fulani katika jeni ya PCSK9 walikuwa na lehemu mbaya pungufu kwa asilimia 28, na maradhi ya mishipa ya moyo pungufu kwa asilimia 88.